Namna ya Kuiamuru Diski Itoke

Haya bado ninayo. Muhula uliopita niliaminiwa mashairi 14 ya chama ili niyapige chapa. Nikayanakili kwenye flashi, mstari ukajaa, nikaichomoa mbio nisikose matatu. Si mnajua sisi wa kutwa, giza halitungoji. Kesho yake majina ya faili yalikuwapo, ndani patupu!

Tarakilishi niliyotumia ina mfumo wa Linux. Kumbe ukiiamuru inakili, huyaweka maandishi katika kumbukumbu yake kwanza, ikasema tayari, halafu ndipo huyahamisha polepole hadi kwenye diski. Amri sync huilazimisha imalize kuandika. Amri umount humaliza kuandika kisha ikaifunga diski. (Angalieni, baada ya u hakuna n. Mimi niliitia mara tatu nikadhani mashine imeninunia.)

Sasa tuteremke chini kabisa. Diski haijui neno eject, inajua baiti tu. Ukiandika eject -s /dev/sr0, ambapo sr0 ndilo jina la kiendeshi cha sidii, mfumo hukipelekea amri tatu za baiti sita sita, kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita (1B ni 27 yetu ya kawaida):

1E 00 00 00 00 00, fungua kufuli;
1B 00 00 00 01 00, anza kuzunguka;
1B 00 00 00 02 00, simama, toa sidii.

Ati kufuli? Ndiyo. Sidii inapotumika, mfumo huwa umetuma 1E ile ile, ila baiti ya tano ni 01. Hapo hata ukibonyeza kitufe, kiendeshi hakifungui mlango mpaka mfumo ukubali.

Flashi nayo huelewa lugha hiyo hiyo, iitwayo SCSI, ikipitia waya za USB. Lakini flashi haina mlango! Itume 1E upendavyo, mkono wenye haraka utaichomoa tu. Kwa hiyo mimi sasa huandika lsblk nijue jina lake, maana sda mara nyingi ni diski ya ndani, na hiyo usiichezee. Kisha umount, nangoja alama ya amri irudi, ndipo nachomoa.

Washairi 12 walikuwa na nakala zao. Mashairi mawili hayamo katika toleo hili, na wenyewe hawajanisemesha tangu siku hiyo.