Kwa Baiskeli Kwenye Njia ya Treni ya Mafuta: Siku Tatu Kutoka Jaén Hadi Puente Genil

Kusini mwa Hispania, katika mkoa wa Andalusia, kuna njia ya kilomita 128 ambayo magari hayaruhusiwi kuifuata. Zamani ilikuwa reli. Kuanzia miaka ya 1890 hadi katikati ya miaka ya 1980, treni zilipita hapa zikiteremsha mafuta ya zeituni kuelekea bandari ya Málaga, na wenyeji wakaiita Tren del Aceite, yaani treni ya mafuta. Mataruma yaling'olewa, lakini tuta, madaraja ya chuma na mahandaki yakabaki. Leo ni njia ya baiskeli na ya waendao kwa miguu, na jina lake ni Vía Verde del Aceite. Imo katika mpango wa kitaifa ulioanza mwaka 1993 wa kuzipa reli zilizoachwa kazi mpya. Hispania sasa ina zaidi ya kilomita 3,000 za njia za aina hii.

Ukiuliza kwa nini uchague njia hii na si nyingine, jibu liko kwenye kazi yake ya zamani. Treni ya mizigo haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo wahandisi waliizungusha reli kwenye mabega ya vilima na kuivusha mabondeni kwa madaraja. Mwinuko ni wa polepole kiasi kwamba mtu asiye mwanamichezo, mzazi mwenye watoto wakubwa, au mzee mwenye afya yake anaweza kuumaliza. Tena reli ilifuata mafuta, si watalii. Inakupitisha katikati ya mashamba, nyuma ya vinu na kando ya maghala, mahali ambapo kazi inafanyika.

Msimu wa kwenda

Miezi mizuri ni Machi hadi mwanzoni mwa Mei, na Oktoba hadi katikati ya Novemba. Majira ya kuchipua huleta maua ya mwituni kandokando ya njia na hewa ya kupendeza. Majira ya kupukutika huleta mavuno: mavuno ya zeituni huanza kwa mafuta ya mapema, ambayo ndiyo makali na yenye harufu zaidi, kisha huendelea hadi Januari au Februari.

Julai na Agosti usiende. Joto hupita nyuzi 40, na mizeituni haina kivuli cha kumfaa mpanda baiskeli. Mwenye pumu au mzio wa chavua aepuke pia kipindi cha kuanzia katikati ya Mei hadi mwanzoni mwa Juni. Jimbo la Jaén peke yake lina mizeituni zaidi ya milioni 60, na inapochanua kwa pamoja, chavua hujaa hewani. Hili si jambo la kupuuzia. Wenyeji wenyewe hulichukulia kwa uzito.

Kufika, na karatasi zake

Anayesafiri kwa pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen, inayoruhusu kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na bima ya matibabu iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Anza mapema, maana miadi ya kuwasilisha maombi huweza kujaa. Anayeishi kwenye nchi ya Schengen kwa kibali halali haihitaji.

Kutoka Madrid kuna treni ya kawaida hadi Jaén. Treni za aina hiyo hupokea baiskeli, lakini nafasi ni chache, hivyo weka nafasi ya baiskeli pamoja na tiketi yako. Mwisho wa safari, kituo cha Puente Genil-Herrera kiko kwenye reli ya mwendo kasi kati ya Córdoba na Málaga, nje kidogo ya mji. Treni hizo za kasi hazipokei baiskeli nzima: ni lazima ikunjwe au ifunguliwe na kufungwa kwenye mfuko. Wengi hupata nafuu kwa kukodi baiskeli huko huko. Kabla ya kulipa, uliza kama mwenye duka atakuja kuichukua mwisho wa njia.

Anzia Jaén, usianzie Puente Genil. Jaén iko juu zaidi, kwa hiyo kwa jumla ya safari yote utakuwa umeteremka zaidi kuliko ulivyopanda.

Baiskeli na vifaa

Njia ni mchanganyiko wa lami karibu na miji na changarawe iliyoshindiliwa kwingineko. Baiskeli nyembamba ya mashindano haifai. Chukua yenye tairi nene na gia nyepesi. Beba tyubu mbili za akiba, viraka, pampu na spana, kwa sababu miiba ya kandokando haina huruma na mafundi wako mijini tu. Beba maji lita mbili kwa kila mtu, kwani mabomba ni ya nadra. Taa ya mbele na ya nyuma ni lazima kwa ajili ya mahandaki, hata kama hupangi kusafiri usiku. Sheria ya Hispania inadai kofia ngumu nje ya miji, na kwa walio chini ya miaka 16 inadai kila mahali. Namba ya dharura ni 112.

Siku ya kwanza: Jaén hadi Alcaudete

Njia huanzia upande wa magharibi wa mji wa Jaén, karibu na eneo la Las Fuentezuelas. Sehemu hii ya kwanza hupitia Torredelcampo, Torredonjimeno na Martos, miji inayoishi kwa zeituni. Martos utaitambua kwa jabali kubwa linalousimamia mji. Kula hapo na ujaze chupa zako, kwa sababu baada ya Martos maduka yanakwisha na mizeituni inatawala hadi macho yanapoishia: mistari iliyonyooka, udongo mweupe na mwekundu, trekta moja moja kwa mbali.

Mbele yako kuna daraja la chuma juu ya mto Víboras, na baadaye handaki la Caballico lenye urefu wa zaidi ya mita 300. Washa taa kabla ya kuingia, punguza mwendo, na subiri macho yazoee giza.

Lala Alcaudete, penye ngome iliyowahi kushikiliwa na mashujaa wa Calatrava, shirika la kidini la kijeshi. Mji uko mbali na njia, kama ilivyo kwa vituo vingi vya reli hii. Hesabu kilomita hizo za ziada ukiwa na nguvu bado, wala usizisubiri jua lizame.

Siku ya pili: Alcaudete hadi Zuheros

Siku hii ni fupi, na ifanye iwe fupi kwa makusudi. Daraja la Guadajoz, lenye urefu wa zaidi ya mita 200, linakutoa Jaén na kukuingiza Córdoba. Baada yake njia hupanda taratibu kupita ziwa dogo la chumvi la Salobral, ambapo miezi yenye mvua huleta ndege wa majini, kisha kituo cha Luque.

Zuheros ni kijiji cheupe kilichobandikwa kwenye mwamba, chenye mabaki ya ngome na jibini ya maziwa ya mbuzi inayosifiwa kote. Kupanda kutoka njiani hadi kijijini ni kukali. Shuka usukume, si aibu. Juu zaidi kuna Pango la Popo, Cueva de los Murciélagos, lenye mabaki ya watu wa enzi za mawe. Weka miadi kabla ya kwenda.

Mchana huu utumie kutembelea kinu. Mafuta huonjwa kwenye kikombe cha buluu iliyoiva, kusudi rangi ya mafuta isikudanganye. Shika kikombe kiganjani, kifunike kwa kiganja cha pili, kisubiri kipate joto. Funua, nusa: utasikia majani mabichi, pengine nyanya. Kisha onja kidogo, na uvute hewa kwa meno. Uchungu utakuja ulimini, halafu ukali kooni kama wa pilipili, na huenda ukakohoa. Usidhani yameharibika. Aina ya picual, inayotawala Jaén, husifiwa kwa ukali huo huo. Aina za picuda na hojiblanca za upande wa Córdoba zina ladha ya upole zaidi. Yanayoitwa virgen extra hukamuliwa kwa mashine tu bila kemikali, na asidi yake haizidi asilimia 0.8.

Siku ya tatu: Zuheros hadi Puente Genil

Hii ndiyo siku ndefu, lakini sehemu kubwa ni mteremko. Doña Mencía ina kituo cha zamani penye huduma za wapanda baiskeli. Cabra ina handaki fupi, na kituo chake cha zamani kinaeleza historia ya treni ya mafuta. Lucena ulikuwa mji mashuhuri wa Wayahudi katika karne za kati, na makaburi yao yaligunduliwa tena mwaka 2006.

Baada ya Lucena mizeituni huanza kuachia nafasi mizabibu. Uko sasa kwenye eneo la Montilla-Moriles. Zabibu kuu hapa ni Pedro Ximénez, na mavuno yake ni ya mapema sana, mwezi Agosti. Kwa mvinyo mtamu, vichala hutandazwa juani juu ya mikeka hadi vinywee na sukari yake kukolea. Kwa mvinyo mkavu wa fino, utando wa hamira hufunika kinywaji ndani ya pipa na kukilinda dhidi ya hewa. Kama unakunywa, onja jioni baada ya kuiweka baiskeli. Puente Genil yenyewe husifika kwa jamu ngumu ya tunda la membrillo, na hiyo kila mtu ataifurahia.

Mezani

Asubuhi agiza tostada: mkate wa kuchoma, nyanya iliyosagwa, mafuta na chumvi. Mchana jaribu salmorejo, supu baridi na nzito ya nyanya, mkate, vitunguu saumu na mafuta. Asiyekula nguruwe ajue kwamba juu yake huwekwa vipande vya nyama hiyo. Sema mapema "sin jamón". Chakula kiitwacho flamenquín ni nguruwe mtupu. Remojón, saladi ya machungwa na samaki wa chewa, huwa salama.

Maduka mengi hufungwa kuanzia saa nane mchana hadi kama saa kumi na moja, na chakula cha usiku huanza saa tatu. Nunua chakula cha njiani asubuhi.

Adabu za njiani

Njia hukatiza barabara za mashamba, na msimu wa mavuno matrekta huvuka yakiwa na mzigo. Wapishe madereva wake, wao wako kazini. Usipite juu ya nyavu zilizotandazwa chini ya miti, wala usichume zeituni wala zabibu. Ukimkuta mtu mbele, piga kengele mapema na umsalimie: "buenos días" asubuhi, "buenas tardes" baada ya chakula cha mchana.

Kama una siku moja tu

Kodi baiskeli Doña Mencía, pita chini ya Zuheros, fika kituo cha Luque, ule, urudi. Ni nusu siku ya mwendo wa pole, na utakuwa umeona mlima, kijiji cheupe na mizeituni. Mwenye siku tatu asizikaze ziwe mbili. Uzuri wa njia hii hauko kwenye kilomita. Uko kwa watu wanaoishi kandokando yake, na mkulima aliye tayari kukuonyesha kinu chake anahitaji ukae naye saa nzima, si dakika tano.