Kalsiamu na Hisia ya Mguso

Mvuvi wa Lipingo, katika mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, huvuta wavu gizani na kutambua kwa vidole kama umebeba usipa au umenasa jiweni. Seli inayopeleka habari hiyo haikai mkononi. Mwili wake umo katika fundo la neva kando ya uti wa mgongo. Uzi wake mmoja ndio unaofika hadi ncha ya kidole.

Uzi huo ukibonyezwa, hufunguka mlango wa protini iitwayo PIEZO2. Ardem Patapoutian, aliyeutambulisha pamoja na wenzake mwaka 2010, alishiriki Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2021. Chembe zenye chaji ya umeme, zikiwamo za kalsiamu, huingia na kuamsha ishara. Lakini kalsiamu iliyo nje ya seli huizidi ile huru ya ndani kwa takriban mara 10,000. Ikizagaa humo kupita kiasi, huiua seli. Kwa hiyo baadhi ya neva hizi huwa na protini za kuidaka, kama vile parvalbumini, kalbindini na kalretinini, mpaka pampu za utando ziitoe nje.

Parvalbumini si ngeni kwa watu wa ziwani. Imejaa katika nyama nyeupe ya samaki, ambako huharakisha kulegea kwa msuli, na ndiyo huwadhuru wengi wenye mzio wa samaki. Umbo lake lilielezwa mwaka 1973 kutokana na msuli wa kapi, samaki mwenye undugu na usipa. Hata hivyo, ile ya neva haitoki kwenye kitoweo. Neva hujitengenezea yake.

Vivyo hivyo, vidonge vya kalsiamu si dawa ya kila ganzi. Ni kweli kwamba kalsiamu ikipungua katika damu, midomo na vidole huchonyota. Ganzi ya nyayo zote mbili, hata hivyo, huweza kuwa ya kisukari, na baka la ngozi lisilohisi mguso huweza kuwa la ukoma, ambao hushambulia seli zinazoufunika uzi wa neva. Daktari hupima kwa kumgusa mgonjwa aliyefumba macho. Dawa za ukoma hutolewa bure duniani kote tangu mwaka 1995. Huua vimelea, hisia iliyopotea kwa muda mrefu mara nyingi hairudi.