Amana Ndogo Ndogo Baina ya Marafiki Ugenini

Watu wa Makka walimwita Mtume Muhammad (S.A.W.) Al-Amin, yaani Mwaminifu, kabla hajapewa Utume. Jina hilo hakulipata kwa maneno, bali kwa miaka mingi ya kusema kweli na kurejesha vya watu. Hata alipohama Makka mwaka 622, hali wapo waliomfanyia uadui nao wameweka mali zao kwake, alimwacha Ali bin Abi Talib azirejeshe kwa wenyewe.

Mafunzo haya yanazihusu familia za Kiswahili zilizotoka Maskati au Dubai zikakaa Beltsville, katika Jimbo la Maryland, karibu na Washington. Mgeni akisikia Kiswahili dukani, moyo wake hufurahi. Wapo wanaomkabidhi msemaji fedha na siri za nyumba siku hiyo hiyo, kisha wakajuta. Wapo pia walioumizwa mara moja, wakafunga milango na kumshuku kila mtu. Njia zote mbili zina madhara. Dhana njema ni haki ya Mwislamu tangu siku ya kwanza. Ama amana, hiyo hupanda daraja kwa daraja.

Imepokewa kuwa mtu mmoja alimsifu mwenziwe mbele ya Umar bin Al-Khattab. Umar akamuuliza: je, ni jirani yake? Amewahi kuamiliana naye kwa fedha? Amesafiri naye? Alipojibu kuwa hapana, Umar alimwambia kuwa huenda amemwona msikitini tu, na kwamba hamjui. Wanavyuoni wa Kiibadhi nao wamefundisha wukufu: asiyejulikana hali yake hahukumiwi kwa wema wala kwa uovu mpaka ibainike.

Maswali hayo matatu yanatosha kuwa mizani hata Beltsville.

Kwanza, ujirani. Februari 2010 theluji nyingi ilifunga ofisi za serikali Washington kwa siku kadhaa. Katika siku kama hizo hujulikana nani huondoa theluji mlangoni pa mzee kabla ya kuombwa, na nani hurejesha koleo aliloazima.

Pili, fedha. Anayekopa dola ishirini na kuzilipa siku aliyoahidi amejenga zaidi ya anayeapa mara mia. Kuandika deni si kumtuhumu rafiki. Ni amri iliyomo katika Suratul Baqara, aya ya 282.

Tatu, safari. Rafiki aliyeahidi kumchukua mwenziwe kwa gari kwenda Sala ya Ijumaa, akachelewa, na apige simu mapema. Na yaliyosemwa garini yabaki garini.

Hapo Beltsville lipo shamba la utafiti wa kilimo lililoanzishwa mwaka 1910. Mtafiti haisifu mbegu kwa msimu mmoja. Huipanda tena na tena ndipo akaipa mkulima. Urafiki nao ni hivyo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichojaa kwa miaka humwagika kwa khiyana moja.

Mazingatio kwa wazazi na watoto: Ni kitu gani cha jirani kilichomo nyumbani ambacho bado hakijarejeshwa? Ni ahadi ipi ya wiki hii ambayo haijatimizwa? Na ianzwe hiyo kabla ya kutafuta rafiki mwaminifu kwa watu.

Mwenyezi Mungu awajaalie waumini kuwa watunzaji wa amana. Amin.