Kuziba Rejeta Inayovuja kwa Muda: Mfano wa Somo la Sayansi

Utangulizi

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tulimtembelea mwanachuo aliyekuwa akifundisha sayansi katika shule iliyo kando ya barabara kuu. Somo lilihusu joto na mabadiliko ya vitu. Ili kulihusisha somo na mazingira, mwanachuo huyo alieleza jinsi madereva wanavyotia ute wa yai katika rejeta inayovuja ili gari lipate kufika gereji. Wanafunzi walifurahi, kwani wengi wao walikwisha kuliona jambo hilo kwa macho yao. Ndipo mtoto mmoja aliponyosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, kama yai linaziba tundu, mbona halizibi njia zote za maji?" Mwanachuo alimwambia aketi, kwa kuwa swali lake halikuwamo katika andalio la somo.

Kwa maoni yetu, swali hilo ndilo lililokuwa kiini cha somo. Katika makala haya tutaonyesha jinsi mwalimu awezavyo kulipokea na kulijibu kwa vitendo.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

Injini ya gari huzaa joto jingi. Pampu huyazungusha maji kutoka kwenye injini hadi kwenye rejeta, ambayo ina mirija mingi myembamba yenye mapezi ya bati jembamba. Upepo unaopita kati ya mapezi hayo huyapoza maji, nayo hurudi tena kwenye injini. Kwa kawaida maji hayo huwa na joto la digrii 90 hivi za Sentigredi. Mfuniko wa rejeta huyabana ili kanieneo iongezeke, na kwa sababu hiyo huweza kupita digrii 100 bila kuchemka.

Ute wa yai huanza kuganda unapopata joto la digrii 60 na kitu, na hukaza kabisa joto likaribiapo digrii 80. Kwa hiyo ukitiwa katika rejeta huganda na kuwa vipande vidogo vidogo vinavyochukuliwa na maji. Kwenye tundu, kanieneo ya maji huvisukuma vipande hivyo nje. Vile visivyoweza kupita hukwama na kuziba. Pilipili manga iliyosagwa hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo, ingawa yenyewe haigandi. Ziko pia dawa za dukani. Baadhi yake zina chembe za madini au nyuzi za mimea, na nyingine zina silikati ya sodiamu, ambayo hukauka na kuwa ngumu mfano wa kioo inapokutana na joto na hewa penye ufa.

Njia hizi hufaa kwa tundu dogo tu. Haziwezi kutibu mpira wa maji uliopasuka wala ufa mkubwa. Tena zina gharama yake: chembe zile zile huweza kukwama katika mirija myembamba na kuzuia maji yasipite vizuri, na yai lililobaki ndani huoza na kunuka. Dereva akishafika gereji, hana budi kuisafisha rejeta na kuitengeneza au kuibadilisha.

Tahadhari

Watoto waishio kando ya barabara hutumwa na madereva kuchota maji, nao hupenda kusimama karibu ili watazame. Mfuniko ukifunguliwa injini ikiwa bado moto, kanieneo hushuka ghafula, maji huchemka mara moja na kuruka pamoja na mvuke. Mtu aliyeinama hapo huungua vibaya uso na mikono. Basi mwalimu awafundishe wanafunzi wake mambo mawili kabla ya jambo jingine lolote: wasiufungue mfuniko huo kamwe, na wakae mbali mpaka injini ipoe. Vilevile wajue kwamba maji baridi yakimiminwa ndani ya injini yenye moto mkali huweza kuipasua.

Zana

Makopo matatu matupu, sindano nene, msumari mkubwa, mrija mtupu wa wino wa kalamu, nta au ubani wa kutafuna, pilipili manga iliyosagwa kwa kuparuza, yai moja, maji baridi na maji ya moto. Mwalimu ayajaribu majaribio yote peke yake siku moja kabla ya somo.

Hatua za somo

Hatua ya kwanza: Mwalimu atie ute wa yai kidogo katika glasi, kisha aitumbukize glasi hiyo katika maji ya moto. Wanafunzi watazame ute ukigeuka kuwa mweupe na kuganda. Maji ya moto yashikwe na mwalimu peke yake.

Hatua ya pili: Kopo la kwanza litobolewe kwa sindano ubavuni, karibu na kitako, la pili litobolewe kwa msumari, la tatu lichomekwe mrija wa kalamu, na kandokando yake pazibwe kwa nta. Makopo yote yajazwe maji baridi, na wanafunzi waandike jinsi maji yanavyotoka.

Hatua ya tatu: Pilipili itiwe katika kila kopo na kukorogwa. Kwenye tundu la sindano maji hupungua, na pengine hukoma. Kwenye tundu la msumari pilipili hupita tu. Kwenye mrija maji huendelea kutoka mwanzoni, lakini pilipili ikizidishwa nao huanza kuziba.

Hatua ya nne: Mwalimu alirudie swali la mtoto yule na kuwaachia wanafunzi walijibu wenyewe.

Tathmini

Wanafunzi waulizwe: Kwa nini pilipili iliziba tundu moja na kuliacha jingine? Dereva aliyetia yai nyingi mno atapata hasara gani? Kwa nini asiridhike na safari moja iliyofanikiwa?

Hitimisho

Baada ya mazungumzo yetu mwanachuo yule alilifundisha somo upya. Alikiri mbele ya darasa kwamba siku ile hakuwa na jibu, kisha akaleta makopo yake. Mtoto aliyeuliza ndiye aliyekoroga pilipili katika kopo la tatu, na ndiye aliyewaambia wenzake: "Kumbe njia zote huziba, ila zile nyembamba ndizo zinazotangulia."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwalimu anayelizima swali kwa amri ameziba kwa yai: kipindi kitakwisha salama, lakini tundu bado lipo. Tusione haya kusema hatujui, mradi kesho yake turudi darasani na zana mkononi.