KIPAZA SAUTI NI KIPI? MANENO YA MAFUNDI MITAMBO NA MAANA YAKE

Mkutano wa hadhara unapofanyika Yakobi, karibu na mji wa Njombe, au kwaya zinapokusanyika uwanjani, huenda mitambo ikatoa mluzi mkali hata watu wakaziba masikio. Hapo mtu hupiga kelele: "Sogeza kipaza sauti nyuma!" Kijana aliyewekwa kwenye mitambo kwa mara ya kwanza husita, na kusita kwake kuna sababu. Katika Kiswahili cha kila siku neno kipaza sauti hutumika kwa vyombo ambavyo kazi zake ni tofauti kabisa.

Vyombo na kazi zake

Maikrofoni hupokea mawimbi ya sauti na kuyageuza kuwa umeme hafifu, ambao aghalabu hupimwa kwa milivolti. Amplifaya huongeza nguvu ya umeme huo. Spika huugeuza umeme uliokuzwa kuwa sauti tena. Kabla ya amplifaya huwekwa miksa, ambayo huchanganya sauti za maikrofoni kadhaa. Spika inayoelekezwa kwa waimbaji ili wajisikie huitwa monita. Geini ni kiasi ambacho umeme wa maikrofoni hukuzwa mara uingiapo katika miksa.

Mluzi hutoka wapi?

Mafundi huuita mluzi huo fidibaki. Wanafizikia huutaja pia kwa jina la Søren Larsen, mwanasayansi wa Denmark. Sauti hutoka katika spika, hurudi katika maikrofoni, hukuzwa, kisha hutoka tena. Ikiwa kila mzunguko huirudisha sauti kwa mara 0.9 ya ilivyokuwa, sauti hiyo hufifia. Ikiwa huirudisha kwa mara 1.1, hukua.

Ichukuliwe kuwa spika iko mita 3.4 kutoka maikrofoni, na hewa ina nyuzi 15 za Selsiasi. Katika hewa hiyo sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua sehemu moja ya mia ya sekunde. Katika nusu sekunde mizunguko ni 50, na 1.1 ikizidishwa kwa yenyewe mara 50 hupita 100. Ndiyo maana mluzi huzuka ghafla, kabla fundi hajanyosha mkono. Tena husikika kama noti moja, kwa kuwa mtetemo unaorudi kwa nguvu kuliko mingine ndio unaotawala.

Desibeli

Desibeli, neno lililotokana na jina la Alexander Graham Bell, ni kipimo cha kulinganisha. Ongezeko la desibeli 10 ni kuzidisha nguvu ya sauti mara 10. Ongezeko la desibeli 3 ni karibu mara 2. Mahali pa wazi, umbali kutoka chanzo kidogo cha sauti ukiongezwa mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6.

Kanuni hiyo ndiyo dawa ya mluzi. Mwimbaji aliye sentimita 40 kutoka maikrofoni akisogea hadi sentimita 20, sauti yake katika maikrofoni huongezeka kwa desibeli 6 hivi. Fundi hupunguza geini kwa kiasi hicho hicho. Wasikilizaji husikia kama kwanza, lakini sauti inayorudi kutoka spika imepungua. Aidha, spika kubwa ziwekwe mbele ya maikrofoni, zikielekea watu.

Jambo hili lahusu afya pia. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kuwa katika kumbi za burudani wastani wa sauti usizidi desibeli 100 kwa dakika 15. Usikivu ulioharibiwa na kelele kubwa za muda mrefu haurudi.

Basi anayetoa agizo ataje chombo kwa jina lake. Maikrofoni ikisogezwa mbali na spika, mluzi hupungua. Ikisogezwa mbali na mwimbaji, fundi hulazimika kuongeza geini, na mluzi hurudi.

Maswali

1. Spika ikiwa mita 6.8 kutoka maikrofoni katika hewa hiyo hiyo, mizunguko 50 itachukua muda gani?
2. Msikilizaji akihama kutoka mita 10 hadi mita 40 mbele ya spika uwanjani, sauti itapungua kwa desibeli ngapi?
3. Eleza kwa nini kupunguza geini ya maikrofoni isiyotumika husaidia kuzuia mluzi.