SOMO: KUMCHAGUA FUNDI WA UMEME KWA NYUMBA KUUKUU NA NYUMBA MPYA

Aghalabu mwanachama humchagua fundi wa umeme kwa unafuu wa bei, na nyumba ikiungua hasara humwangukia yeye. Tanzania Bara, ufungaji wa nyaya ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Kabla ya mapatano, katibu na aione leseni hiyo na kuandika namba yake.

Nyumba kuukuu. Nyaya za zamani zilizovikwa mpira hukauka na kupasuka kadiri miaka ipitavyo, shaba ikabaki wazi juu ya dari. Fundi aliye tayari kuongeza soketi pasipo kupima nyaya hizo asipewe kazi. Aidha, akague fyuzi. Waya mnene ukitiwa mahali pa fyuzi haukatiki umeme unapozidi. Badala yake huungua nyaya za ukutani.

Nyumba mpya. Hapa adui ni ubahili. Kwa kawaida taa hufungiwa waya wa milimita za mraba 1.5, na soketi 2.5. Waya wa ethi usikosekane. Ukaguzi ufanywe kabla ya kupiga lipu, kwani baadaye kosa hufichika.

Mapatano yaandikwe, yakitaja kazi, vifaa na bei. Sehemu ya mwisho ya ujira ilipwe baada ya vipimo kufanywa mbele ya mwenye nyumba.

Maswali ya kujadiliwa:
1. Nyaya za ofisi na ghala la chama chenu zilipimwa lini?
2. Ni nani aliyeiona leseni ya fundi?