Chama Gani ni cha Mungu?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu zangu wanafunzi, kampeni zinapoanza hapa Uganda huwa nasikia maneno ya aina moja. Mgombea anapanda jukwaani na kudai kuwa chama chake ni cha wacha Mungu, na kile cha wenzake ni cha watu wasiomjua Mungu. Mwingine anafika msikitini baada ya swala ya Ijumaa, amevaa kanzu na kofia, anatoa bahasha, kisha anatuambia kuwa chama fulani hakiwapendi Waislamu ila chake. Wakati huohuo mwenzake yuko kanisani, anasema yaleyale kwa kugeuza majina.

Swali la somo letu ni hili: je, dini ni mizani sahihi ya kulinganisha vyama vya siasa? Jibu langu ni hapana. Sisemi hivyo kwa kudhani kuwa Uislamu hauna la kusema katika uongozi. Nasema hivyo kwa sababu Uislamu wenyewe umetupa mizani nyingine, na kwa sababu historia ya nchi yetu inaonyesha hasara ya kuiacha.

1. Tulikotoka

Kabla nchi hii haijawa na vyama vya kisasa, makundi ya siasa Buganda yalikuwa makundi ya dini. Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti walipigania kasri la Kabaka. Januari 1892, Wakatoliki, waliojulikana kama kundi la Wafaransa, walipigana Mengo na Waprotestanti, walioitwa kundi la Waingereza. Bunduki za Maxim za Kapteni Lugard zikawapa Waprotestanti ushindi. Baada ya vita, vyeo na majimbo vikagawanywa kwa dini, na Waislamu tukaishia na jimbo dogo la Butambala.

Mgawanyo ule ndio uliozaa vyama. DP iliundwa mwaka 1954, na msukumo wake mkubwa ulikuwa manung'uniko ya Wakatoliki kwamba wanabaguliwa katika vyeo. UPC iliundwa mwaka 1960, na viongozi wake wengi walikuwa Waprotestanti. Watu wakaita DP “Dini ya Papa”, na wengine wakadai kwa kejeli kuwa herufi za UPC ni za Waprotestanti wa Canterbury. Katika uchaguzi wa 1961 na wa 1962, wengi waliangalia kanisa la mgombea kabla ya kuangalia ilani yake.

Na Waislamu je? Hatukuwa na chama, kwa hiyo tukawa kura za kugombaniwa. Mwaka 1965 ikaanzishwa jumuiya iliyoitwa NAAM, chini ya Akbar Adoko Nekyon, waziri na ndugu wa Milton Obote, ikiwa karibu na UPC. Upande wa pili walikuwepo Waislamu waliomfuata Mwanamfalme Badru Kakungulu wa Kibuli, wa ukoo wa kifalme wa Buganda. Mvutano wa Obote na Mengo ukaingia misikitini. Waumini wanaoelekea kibla kimoja wakagombana juu ya nani ashike msikiti, na chanzo hakikuwa swala wala saumu, bali chama.

Hili ndilo linalonitia hofu kila ninaposikia mwanasiasa akisema chama chake ndicho cha Waislamu. Kampeni huisha, lakini mpasuko anaouacha msikitini hubaki.

2. Mizani tuliyopewa

Katika Surat Al-Qasas, aya ya 26, binti wa mzee wa Madyan anamshauri baba yake amwajiri Nabii Musa (A.S.) kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Ibn Taymiyya, katika kitabu chake As-Siyasa ash-Shar'iyya, amezifanya sifa hizo kuwa nguzo mbili za kila cheo cha umma. Nguvu maana yake ni uwezo wa kuifanya kazi yenyewe. Uaminifu ni kumwogopa Mungu kwa namna inayoonekana katika kulinda haki na mali za watu.

Tazama mifano miwili. Abu Dharr (R.A.) alikuwa miongoni mwa masahaba wakubwa kwa ukweli na kuipa dunia mgongo. Alipoomba cheo, Mtume (S.A.W.) alimweleza kwamba yeye ni dhaifu na kwamba cheo ni amana, kama ilivyopokewa na Imam Muslim. Ucha Mungu wake haukutiliwa shaka, lakini haukutosha kumpa uongozi.

Mfano wa pili ni wa Hijra. Mtume (S.A.W.) na Abu Bakr (R.A.) walimwajiri Abdullah bin Urayqit awaongoze njia hadi Madina, naye wakati huo alikuwa bado katika dini ya Makureshi. Walimkabidhi ngamia wao na siri ya safari, kwa sababu aliijua njia na walimwamini.

Huenda mtu akauliza: basi Mwislamu asiangalie maslahi ya Waislamu? Ayaangalie, ila kwa vitendo. Sheria ya taasisi za fedha iliporekebishwa mwaka 2016 na kuruhusu benki za Kiislamu nchini, ilipitishwa na Bunge ambalo wengi wa wabunge wake si Waislamu. Kwa sensa ya 2014, tulikuwa asilimia 13.7 ya Waganda. Tungepima wabunge kwa dini peke yake, tungewakosa wengi waliotusaidia katika jambo hilo.

3. Neno la haki, lengo la batili

Makhawarij walipomwasi Sayyidna Ali (R.A.), kaulimbiu yao ilikuwa kwamba hukumu ni ya Mungu peke yake. Sayyidna Ali hakulikanusha neno lile. Alieleza kuwa ni la haki, ila limekusudiwa batili. Basi mwanasiasa akitaja jina la Mungu, tusikimbilie kulikataa wala kulishangilia. Tuulize analitumia kutafuta nini.

Surat At-Tawba, aya ya 107, inawataja watu waliojenga msikiti kwa nia ya kudhuru na kuwafarakanisha waumini. Ikiwa hata jengo la msikiti laweza kuwa na nia mbaya, sembuse bahasha ya kampeni? Zaidi ya hayo, Sheria ya Uchaguzi wa Wabunge ya 2005 inamkataza mgombea kutoa michango wakati wa kampeni. Anayevunja sheria hadharani ili atuonyeshe anavyoipenda dini yetu, ametupa mwenyewe ushahidi juu ya amana yake.

Katiba ya 1995 nayo, katika ibara ya 71, inakataza uanachama wa chama kuwekwa kwa msingi wa dini. Anayesema chama cha mpinzani wake ni cha dini fulani anatoa tuhuma nzito. Na Surat Al-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua.

4. Tufanye nini?

Wasomi wengi wa zama zetu wameifananisha kura na ushahidi. Surat An-Nisaa, aya ya 135, inatutaka tushuhudie kwa uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Kwa hiyo napendekeza haya:

Kwanza, jumuiya yetu isimuidhinishe mgombea yeyote, si wa taifa wala wa serikali ya wanafunzi. Mwanachama ana haki ya chama chake, lakini mimbari ni ya wote.

Pili, mgombea akija kwa jina la dini, tumwulize kwa heshima: umefanya nini ulipokuwa na madaraka? Utafanya nini, na fedha zitatoka wapi?

Tatu, tuwaulize maswali hayohayo wagombea Waislamu. Kumsamehe mtu wizi wa mali ya umma kwa kuwa tunaswali naye ni dhulma kwa majirani zetu Wakristo na kwa nafsi zetu.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Kwa nini Abu Dharr (R.A.) hakupewa cheo, na hilo linatufundisha nini kuhusu wagombea wa leo?
2. Chagua chama kimoja. Je, unaweza kutaja mambo matatu kiliyofanya, bila kutaja dini ya viongozi wake?
3. Wanachama wawili wa jumuiya wakiwa katika kampeni za vyama pinzani, ni adabu gani zitakazowawezesha kuswali safu moja siku ya pili ya uchaguzi?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuiona haki kuwa haki na kuifuata, na azilinde safu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.